Postdoki mbili za materiali na kompyuta, hii ndo tathmini yangu bila kuficha

Mwaka huu peke yake vijana kama kumi hivi wamenipigia kuniuliza habari za postdoki, yaani zile kazi za utafiti za muda baada ya PhD, za sayansi ya materiali, hasa huu upande wetu wa kuhesabu kwa kompyuta, na kila nikijibu najikuta naongea mpaka bando la mtu linakata, halafu kesho yake ananitumia meseji, dada si ungeandika tu tukasoma wote. Basi leo naandika. Nimefanya mbili, zote Ulaya, ya kwanza mwaka mmoja kwenye chuo kikubwa ambacho sitakitaja, ya pili miaka miwili Trieste, Italia, na katikati hapo niliomba vitu vingine nikapigwa chini, kwahiyo naongelea vitu nilivyovishika kwa mkono wangu.

Kwanza kwa ambaye hajui tunafanya nini. Sisi hatukai maabara na makoti meupe. Unachukua kristali, tuseme ile perovskaiti ya kutengenezea sola, unaiambia kompyuta atomi ni za aina gani na kila moja imekaa wapi, programu inatatua milinganyo ya elektroni halafu inakupa majibu, hiki kitu kinapitisha umeme au hakipitishi, kinameza mwanga wa rangi gani, kitadumu au kitaharibika. Njia inayotumika zaidi inaitwa DFT, ilitokana na kazi ya Hohenberg na Kohn mwaka 1964 na ya Kohn na Sham mwaka 1965, na uzuri wake ni kwamba hufuatilii elektroni moja moja, unafuatilia msongamano wa elektroni zote kwa pamoja, hesabu inakuwa nyepesi mara nyingi sana. Walter Kohn alipewa Nobel ya kemia 1998 kwa hilo. Sasa kwa sisi tuliosoma sehemu ambapo mashine moja ya maabara ikiharibika inakaa imefunikwa kitambaa miaka mitano, hii fani ni mlango wa kweli kabisa, maana Quantum ESPRESSO, programu ya kufanya hizi hesabu, ni ya bure, unaishusha leo unaanza leo, huombi ruhusa kwa mtu.

Ila shughuli iko kwenye kompyuta, na hapo ndo matangazo ya postdoki yanapokaa kimya. Muda wa hizi hesabu unapanda vibaya mno, ukizidisha atomi mara mbili muda unapanda karibu mara nane. Kwenye PhD nilifanya CsSnI3, perovskaiti ya bati, kwasababu zile zenye ufanisi mkubwa zina risasi na risasi ni sumu, hakuna anayetaka paa lake litiririshe risasi kwenye simtanki la maji ya mvua. Seli yake ya umbo la mchemraba, yaani kile kipande kidogo kinachojirudia kristali nzima, ina atomi 5, hiyo laptopu yangu ya ramu ya giga 8 ilikuwa inaimaliza nikiwa nasonga ugali. Umbo lake jeusi, lile linalokaa kwenye joto la kawaida, lina atomi 20, hilo ni usiku kucha, na umeme ukikatika saa tisa za usiku unaamka asubuhi unaanza kutafuta faili la kuendelezea pale ulipoishia. Sasa mi nilitaka kuangalia kasoro, yaani nitoe atomi moja ya bati nione kristali inafanyaje, na kwa hilo nilihitaji seli ya atomi 160 hivi, atomi mara nane, muda mara 512. Nyumbani haiwezekani hata ukeshe mwezi.

Kwahiyo mi postdoki ya fani yetu naipima kwa vitu viwili tu, utapewa masaa mangapi ya supakompyuta, na nani atakaa na wewe hesabu ikigoma. Mshahara unafuata, jina la chuo linafuata, uzuri wa mji unafuata. Nilijifunza hivo kwa machozi.

Ile ya kwanza niliiona EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za watafiti, tangazo zuri, mada ni kasoro kwenye perovskaiti, kana kwamba wameandika wakiwa wananiangalia usoni. Intavyuu dakika 40, profesa mpole, anacheka, anasifia makala yangu, mwishoni akaniuliza una swali lolote nikasema hapana asante sana, maana nilikuwa naogopa nikiuliza sana nitaonekana msumbufu wataniacha. Nikapata. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na khanga kichwani kuuliza kuna nini. Nikamwacha mwanangu wa miaka 4 kwa mama nikaondoka.

Mwezi wa nne masaa ya mashine yakaisha. Kumbe lile kundi lilikuwa na mgao mmoja kwa mwaka mzima wa watu tisa, na wanafunzi wawili wa PhD waliokuwa wanamalizia wameshatumia karibu yote, sisi wengine tukabaki kwenye klasta ndogo ya idara, kompyuta chache zilizounganishwa pamoja, ambayo unaweka kazi Jumatatu inaanza Alhamisi. Sikuwa na wa kumlaumu, hakuna aliyenidanganya, ni vile sikuuliza. Kilichoniumiza ni upweke. Profesa nilikuwa namwona mara moja kwa mwezi, dakika 20, anaangalia grafu zangu anasema vizuri, endelea. Ofisini tulikuwa watatu, kila mtu na hedifoni zake, chakula cha mchana kila mtu anakula mbele ya skrini yake. Hesabu yangu ya atomi 160 iligoma wiki tatu, ile namba ya makosa inashuka vizuri, inashuka, halafu inaruka juu tena, 0.3, 0.02, 0.4, unaangalia hivo usiku na mchana na huna wa kumuonyesha. Niliandikia watu wawili imeili, mmoja alijibu baada ya siku kumi akasema jaribu kusoma mwongozo. Mwongozo nilikuwa nimeshausoma mpaka nimeukariri.

Halafu mkataba. Tangazo lilisema mwaka mmoja, unaweza kuongezwa. Mi nikaelewa kuongezwa ni kawaida. Niliambiwa hela ya mradi imeisha zikiwa zimebaki wiki mbili, na viza yangu ilikuwa imefungwa kwenye ule mkataba. Nilifunga mizigo huku natetemeka. Sina ubaya na mtu yeyote pale ila nikipewa kuweka nyota naweka 2, na hizo mbili ni za mshahara ambao ulikuja kila mwezi kwa siku yake na maktaba nzuri ya makala, basi.

Sasa Trieste. Hapa naomba mniruhusu niongee sana kwasababu ndo sehemu ninayotaka watu wetu waijue.

Pale kuna kituo cha kimataifa cha fizikia kinaitwa ICTP, kilianzishwa 1964 na Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani aliyekuja kupata Nobel 1979. Yeye mwenyewe aliwahi kurudi kwao kufundisha akajikuta yuko mbali na kila mtu anayefanya anachofanya yeye, ikabidi aondoke, na hicho kituo akakianzisha ili mtu wa nchi kama zetu asilazimike kuchagua kati ya sayansi na kwao. Unalisikia hilo kwenye kila kona ya pale. Kantini saa saba mchana unakaa na Mnigeria, Mnepali, Mkyuba, Msudani, na mtu ambaye umeitumia milinganyo yake kwenye tasnifu yako amesimama nyuma yako na sinia lake anasubiri pasta kama wewe. Wiki ya kwanza nilimwita mmoja profesa profesa mpaka akaniomba nimwite jina lake, sikuweza, mpaka leo siwezi. Juu kidogo ya mji kuna SISSA, chuo cha utafiti na PhD, na Quantum ESPRESSO kwa sehemu kubwa imekulia hapohapo mjini, kwahiyo watu walioandika ile programu unakutana nao kwenye basi namba 6. Unaelewa maana yake? Kitu ambacho ningekikariri mwongozo mwaka mzima namuuliza aliyekiandika, ananijibu kabla hatujafika kituo cha kushukia.

Siku ya pili tu nikawekwa ofisi moja na kaka mmoja kutoka Eldoret. Nikamwonyesha ile hesabu yangu iliyogoma, nilikuwa nimeibeba kwenye flashi kama mtu anavyobeba cheti cha hospitali. Akavuta kiti. Akasoma faili la maelekezo mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini, polepole, halafu akasema, "Daktari, hebu ona hapa. Umetoa bati, bati imeenda na elektroni zake, sasa hii kristali imebaki na mashimo, nafasi zilizokosa elektroni, imekuwa metali kidogo. Na wewe hapa umeiambia ni insuleta, kitu kisichopitisha umeme. Itakubali aje?" Nikanyamaza. Wiki tatu zile zote, na baada yake miezi, jibu lilikuwa kwenye mstari mmoja. Tukabadilisha jinsi elektroni zinavyopangwa kwenye ngazi za nishati, tukaziruhusu zitawanyike kidogo pale kwenye mpaka, halafu ile namba ya kuchanganya msongamano wa zamani na mpya, ambayo usipoigusa programu inaweka 0.7, tukaishusha mpaka 0.2 ili iende kwa hatua ndogo ndogo. Tukaituma kwenye mashine. Akaenda kuleta kahawa, kule wanaiita nero ile nyeusi, tukakaa tunaangalia namba inashuka, inashuka, haikuruka tena. Chini kabisa ya faili yakatokea yale maneno mawili, JOB DONE. Nililia palepale, akacheka akaniambia dadangu hii ni mwanzo tu, bado unatakiwa kuihesabu kasoro hiyohiyo ikiwa na chaji zingine za umeme.

Hicho ndo nakiita postdoki.

Na matokeo yenyewe yalikuwa na maana. Ukitoa bati kwenye CsSnI3 kristali haipambani sana, inakubali kirahisi, ndo maana ile materiali inajaa mashimo yenyewe bila mtu kuiwekea kitu, na bati inayobaki ikikutana na hewa inapoteza elektroni zingine mbili, inatoka Sn2+ inakwenda Sn4+, sola inakufa. Wenzetu wa maabara wanajua inakufa, sisi tunawaambia inakufia wapi na waongeze nini ili ichelewe. Pale tulikuwa na masaa ya kutosha kwenye mashine za kituo, na nchi hiyohiyo ina Leonardo iliyoko Bologna, iliyozinduliwa Novemba 2022, ambayo kundi likiandika ombi zuri linapewa sehemu. Niliandika ombi moja kama mwandishi wa pili, tukapewa, na kuandika lile ombi kumenifundisha zaidi ya kozi nyingi nilizolipia.

Kasoro za Trieste zipo. Kuna upepo unaitwa bora, unashuka kutoka milimani kwenda baharini, ukikaza unapita kilomita 100 kwa saa, watu wanashika nguzo barabarani, mtu wa Tanga hajawahi kuona upepo wa baridi namna ile. Makaratasi ya Italia ni mengi, ukifika una siku 8 za kazi kupeleka ombi la kibali cha kukaa, unachukua bahasha maalumu posta, unaijaza, unalipia, unapewa tarehe ya kwenda kuweka alama za vidole, na bila namba ya kodi huwezi hata kufungua akaunti ya benki, kwahiyo nenda na akiba ya miezi miwili usitegemee mshahara wa kwanza utakukuta. Chumba ni gharama ukilinganisha na unachobaki nacho. Na kubwa kuliko yote ni muda, miaka miwili inaisha kabla hujajua, mwaka wa pili wote nusu ya akili yako inatafuta pa kwenda. Mwanangu nilimkosa birthday mbili. Hilo silaumu kituo, postdoki popote duniani zimejengwa hivo, lakini naliandika kwasababu wanaume wanaoandika kuhusu hizi nafasi hawaliandiki. Kituo chenyewe nakipa 5.

Na uzuri mwingine, hata ukirudi hawakuachi. Kuna mpango wa Associate, kwa mtu anayefanya kazi kwenye nchi zetu, unachaguliwa kwa miaka sita na ndani ya hiyo miaka unakwenda mara kadhaa kukaa, kufanya utafiti, kuongea na watu, halafu unarudi kazini kwako. Wewe mhadhiri uliyechoka na madarasa ya watu 300, huo mpango ni wako, uombe.

Nimeulizwa sana kuhusu Marie Curie, yaani MSCA, feloshipu ya Umoja wa Ulaya. Niliomba mara moja nikapata alama za kutosha kusifiwa na hazikutosha kupewa hela, kwahiyo naiongelea kwa heshima. Masharti ni haya, uwe na PhD tayari siku ya mwisho ya kuomba, utafiti wako baada ya PhD usizidi miaka 8, na uwe hujakaa nchi unayokwenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. Hilo la mwisho kwetu ni faida, ukiwa Dodoma au Kisumu nchi zote ziko wazi kwako, ila ukishakaa Ujerumani mwaka na nusu usiombe kwenda Ujerumani. Kwa kawaida dirisha linafungwa Septemba. Andiko lenyewe ni kurasa 10, alama 50 kwa mia ni ubora wa sayansi, 30 ni athari, 20 ni utekelezaji, na watu wetu wengi wanamwaga nguvu zote kwenye zile 50 halafu athari wanaandika aya mbili za kuombea msamaha. Hapo ndo nilipoanguka mimi. Ushindani ni mkali, mwaka 2024 waliomba 10,360 wakachukuliwa 1,696, na 2025 waombaji walipanda mpaka 17,058, kwahiyo usiweke mayai yako yote hapo, ila omba, kwasababu hata ukikosa unabaki na andiko la kurasa 10 ambalo unalipeleka kwingine. Mi lile lile nililolipunguza ndo lilinipeleka Trieste.

Humboldt, feloshipu ya Ujerumani, mi sijaifanya, rafiki yangu kaifanya, wanachotaka ni PhD yako iwe haijapita miaka 4 na uwe umepata mwenyeji Ujerumani aliyekubali kwa maandishi. Wanatoa kuanzia miezi 6 mpaka 24, wanakulipia kozi ya Kijerumani, familia inafikiriwa. Na waliorudi nchi zinazoendelea wanaweza kuomba ruzuku ya vifaa vya utafiti, kitu ambacho feloshipu chache sana zinakumbuka. Kwa mwenye mtoto ningesema anza hapa.

Zile nafasi za kwenye mradi wa profesa, kama ile yangu ya kwanza, ndo nyingi kuliko zote, zinatangazwa kila wiki EURAXESS na Psi-k, mtandao wa watafiti wa fani yetu. Si mbaya zenyewe, nimeona watu wamezipata zikawainua, ila pale unaajiriwa, mada si yako, hela ni ya mradi, na mradi una tarehe ya kufa. Kwenye intavyuu ukiulizwa una swali, uwe nalo. Uliza kundi lina masaa mangapi ya mashine kwa mwaka na tuko wangapi. Uliza mradi unaisha lini, tarehe, si mwaka. Uliza mkutano wa kundi ni mara ngapi na nani mwingine anafanya njia kama yako. Omba namba ya postdoki aliyeondoka uongee naye. Profesa mzuri atakujibu bila kukunja uso na atakuheshimu kwa kuuliza, na akikunja uso umeshapata jibu lako bure, hujapanda ndege.

Kabla ya yote hayo lakini kuna ASESMA, na hapa nawaambia wenye masters na wanaoanza PhD. Ni shule ya Afrika ya hizi hesabu za elektroni, ilianza Cape Town 2010, ikaja Eldoret 2012, ikazunguka Johannesburg, Accra, Addis Ababa, Kigali. Mi niliingia Addis 2018 nikiwa sijui hata k-pointi ni mdudu gani. Wiki mbili, asubuhi nadharia, mchana unakaa kwenye kompyuta na mwalimu pembeni yako, jioni kundi lenu linapambana na mradi wake, wiki ya pili mnauwasilisha mbele ya watu. Ukitoka hapo una barua ya mtu anayekujua kwa kazi na si kwa jina, na una marafiki kumi wa nchi kumi, yule kaka wa Eldoret na yeye kundi lao limeota kwenye mizizi hiyohiyo. Kigali pia kuna EAIFR, taasisi mshirika wa ICTP ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, unapanda basi kutoka Kahama unafika, viza hamna. Nashangaa wahadhiri wetu hawawatumi vijana kule kwa wingi.

Na masaa ya mashine yapo hata hapa Afrika. Cape Town kuna CHPC, supakompyuta yao inaitwa Lengau, kwa Kitswana ni duma, ilizinduliwa 2016 ikiwa na nguvu ya petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde. Sura nzima ya tatu ya tasnifu yangu ilihesabiwa kule, nikiwa nimekaa chumbani kwangu Ubungo na bando la usiku, akaunti niliipata kupitia mradi wa profesa wa Afrika Kusini niliyemwandikia tu imeili ya aya tatu. Aya ya kwanza nilimwambia nimesoma makala yake gani na nimeshindwa kuelewa grafu gani. Ya pili nimefanya nini mpaka sasa, na grafu yangu moja. Ya tatu naomba nini. Hakuna dear esteemed sijui nini, hakuna CV ya kurasa saba. Alijibu siku ileile jioni.

Kingine, matangazo ya sasa hivi hayafanani na ya wakati wangu. Miaka ile DFT ilitosha, leo karibu kila tangazo linataka Python na linataka uweze kufundisha modeli ya akili bandia kwa data za DFT ili ikuhesabie maelfu ya atomi kwa muda mfupi. Novemba 2023 Google DeepMind walitoa orodha ya kristali mpya ambazo modeli yao imeona zinaweza kuwa imara, kama 380,000 hivi, watu wakaogopa wakasema kazi yetu imeisha. Haijaisha kabisa. Hizo modeli zinajifunza kutoka kwenye hesabu kama zetu, na DFT ya kawaida ina udhaifu wake unaojulikana, mwachano wa nishati wa silikoni, yaani nishati inayohitajika kuamsha elektroni ipitishe umeme, ni 1.1 eV kwenye maabara, fankshano ya PBE, moja ya fomula zinazotumika sana ndani ya DFT, inakupa kama 0.6, sasa kama mtu hajui kwanini inakosea atajuaje modeli iliyofundishwa na makosa hayo inadanganya wapi? Mwenye kujua fizikia ya chini bado anahitajika sana. Ila Python jifunze, usibishane na hilo.

Mwisho wa mambo, mada. Ukiandika andiko la kuomba andika kuhusu kitu unachokijua kilipo. Grafaiti ya Mahenge na ya Lindi inatakiwa kwa ajili ya betri za watu, kule ndani ya betri atomi sita za kaboni zinabeba litiamu moja, uwezo wake kinadharia ni mAh 372 kwa gramu, wakati sodiamu ambayo imejaa kwenye chumvi ya bahari yetu haikubali kuingia vizuri kwenye grafaiti. Kwanini haikubali, na kaboni ya namna gani itaikubali, hilo ni swali la kompyuta safi kabisa na anayepaswa kuliuliza kwa sauti ni mtoto wa hapa. Nilipoisoma upya ile aya yangu ya athari niliyoanguka nayo, nilikuwa nimeandika sola zitasaidia dunia. Dunia ipi? Ningeandika zahanati ya kijijini kwa bibi yangu ambako friji la chanjo linategemea paneli mbili.

Nina binti mmoja namsimamia masters, yuko mwaka wa mwisho, anafanya hiyohiyo ya sodiamu. Wiki iliyopita alituma imeili yake ya aya tatu kwa profesa mmoja, tuliiandika mara nne, mara ya tano nikamwambia tuma. Amejibiwa juzi, wanaongea Jumanne saa tano asubuhi, na jana alikuja ofisini na daftari kaandika maswali yake, la kwanza kabisa juu ni masaa ya mashine.